Subira Haiwaki Maji Yakijaa

Asubuhi ile Abdillahi Mbwana alikunywa chai yake ya tangawizi kwa mahamri ya jana, akajifunga kikoi cha kazi, akatoka kwenda kuiwasha pikapu. Pikapu haikuwaka. Akauzungusha ufunguo tena na tena, jambo ambalo humkataza kila mteja, na bado haikuwaka. Kuku aliyekuwa amelala chini ya ekzosi alitoka, akamtazama, akarudi kulala.

Pikapu ilikuwa ya Kifaransa, umri wake haupishani sana na wa mwenyewe, na nyuma yake iliandikwa SUBIRA kwa rangi ya kijani. Zamani maneno yalikuwa kamili, Subira Yavuta Heri, lakini bati la nyuma liliposhikwa na kutu nusu yake ilikatwa ikabadilishwa, na heri ikaenda na vyuma chakavu. Abdillahi alikusudia kuiandika upya. Alikuwa akikusudia hivyo tangu kichwa chake kilipokuwa na nywele.

Alikuwa fundi wa magari, na gereji yake ilikuwa kibanda cha mabati kando ya njia inayoingia Jomvu Kuu. Watu walimjia kutoka Chaani na Magongo kwa sababu ya sikio lake. Alikuwa na bisibisi ndefu ambayo ncha yake huiweka juu ya injini na mpini wake sikioni, kisha hufumba macho, na wote waliopo hunyamaza kama wako hutubani. Akifumbua husema, "Vali," au, "Beringi ya pampu ya maji," na mara nyingi huwa kweli. Ikiwa si kweli, husema gari limebadili nia. Hakuna aliyembishia kwa miaka mingi, naye akaja kuyaamini maneno yake mwenyewe, kosa ambalo hata watoto wa chuoni huonywa nalo.

Jambo moja hakuweza kulivumilia: mtu kusikia gari limekataa kuwaka akasema ni plagi. Plagi, kwa Abdillahi, ilikuwa malaria ya magari. Asiyejua ugonjwa hutaja hiyo.

Basi akaleta bisibisi, akaisikiliza pikapu yake mwenyewe. Akasikia sauti ya mtu anayesukutua kinywa. "Kabureta," alimwambia kuku, maana hapakuwa na mwingine. Akaifungua kabureta, akaisafisha kwa petroli, akairudisha. Haikuwaka. Alasiri, alipokuwa amekata tamaa na kujaribu tu kwa kujifurahisha, ikawaka kwa mguso wa kwanza, na Abdillahi akaingia ndani kumwambia mamake kwamba alijua tangu asubuhi ni kabureta.

Kesho yake ikakataa. Akabadilisha kifuniko cha distributa, ikawaka jioni. Ikakataa tena, akabadilisha koili. Ikakataa, akabadilisha pampu ya mafuta. Kila alichokibadilisha kilifanya kazi siku ile ile na kikashindwa siku iliyofuata, na juma la pili mambo yakageuka, ikawa yawaka asubuhi na kukataa jioni. Abdillahi alitoa maelezo mapya kila siku, yote kwa uhakika ule ule. Wateja waliokuja na magari yao walimkuta kichwa kimezama ndani ya lake, wakasubiri kwa adabu, kisha wakaenda kwa fundi mwingine.

Hatimaye akamwita Kahindi. Kahindi alikuwa fundi wa umeme wa magari, mkazi wa Chaani, mtu mpole anayeimba kanisani sauti ya chini na kuzungumza kwa sauti hiyo hiyo. Walikuwa marafiki tangu ujana, na katika muda wote huo Kahindi hajawahi kuona gari ambalo shida yake si umeme.

"Mie naona ni umeme," alisema Kahindi kabla hajashuka kwenye bodaboda.

Akainama, akatazama betri. Kwenye vishikizo vyake vyote viwili zilikuwa zimemea chaza, kubwa kubwa, zimeshikana na waya kama zinavyoshikana na mizizi ya mikoko. Kahindi akazigonga kwa koleo.

"Chaza," akasema. "Zazuia moto usipite."

"Zimemea lini?"

"Hizi ni za miezi. Hukuzisikia kwa bisibisi?"

"Chaza hazisemi," alijibu Abdillahi, na alikuwa na haki.

Wakafungua mfuniko wa rejeta. Ndani mlikuwa na kamba wadogo, wakiogelea kinyumenyume. Wakafungua nati ya oili chini ya injini, na badala ya oili yakatoka maji, na pamoja na maji akatoka kaa, akasimama kidogo kwenye beseni kupima mambo, kisha akapanda ukingo akaondoka kuelekea upande wa ukuta wa makontena.

"Gasketi ya kichwa cha injini," alisema Abdillahi. "Imepasuka. Maji ya rejeta yameingia kwenye oili."

Kahindi akachovya kidole, akaonja. "Ya chumvi."

"Ya chumvi?"

"Onja."

Abdillahi akaonja. "Basi si gasketi," alikiri. Wakakaa kitako kwenye tairi kuukuu, kila mmoja akifikiria gharama za maji ya chumvi kwenye chuma.

Hapo ndipo Bi Mwanaima, mamake Abdillahi, alipotoka nyumbani na kisu chake. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mgongo ulionyooka, aliyevunja chaza tangu alipokuwa hajaota meno ya ukubwani. Aliinama juu ya betri, akazibandua chaza, akaifungua moja, akaila, akasimama akiwa amefumba macho, kama mwanawe akiwa na bisibisi.

"Hizi za kwetu," alisema. "Za dikoni. Zina utamu mwishoni, kwa yale maji ya kisima yanayoingia pale. Onja, baba."

Abdillahi akala moja, na utamu ule ukamfikia mwishoni, na akajua ni kweli. Kahindi naye akala. Akasema hata yeye, mtu wa bara ya Kaloleni, angeijua hiyo.

Diko lenyewe, mahali pa kuegesha mitumbwi na kushukia maji, lilikuwa nyuma ya gereji, mwendo wa kutafuna tambuu moja. Kampuni ya makontena, iliyonunua pwani ile kwa mtu ambaye hakuna Jomvu nzima aliyewahi kumtia machoni, ilikata mikoko, ikamwaga kifusi, ikajenga ukuta. Nyuma ya ukuta sasa yalipangwa makontena, moja juu ya jingine, mekundu na ya buluu. Wakati ule watu waliuliza wavuvi watavua wapi na akina mama watavunja chaza wapi. Hakuna aliyeuliza maji yenyewe yatakwenda kukaa wapi. Sasa ilijulikana. Yalikuwa yamehamia kwa jirani, kama afanyavyo yeyote aliyebomolewa nyumba.

Na hapo Abdillahi akaona haya hadi masikio yakamuwaka. Yeye aliyezaliwa Jomvu, ambaye utotoni alijua maji yamejaa kwa harufu tu akiwa chuoni anasoma Kurani, alikuwa amebadilisha kabureta, distributa, koili na pampu kabla ya kukumbuka kutazama mwezi. Pikapu ilikuwa ikiwaka maji yakipwa na kukataa maji yakijaa. Kila siku ilichelewa kidogo, kama maji yanavyochelewa. Hakuna mtoto wa mtaa ule ambaye asingeng'amua hivyo, kama angeulizwa. Tatizo ni kwamba mtu mwenye sikio haulizi.

Tangu siku hiyo maisha yalipata utaratibu. Baada ya sala ya alfajiri watu waliulizana hali, kisha wakauliza kama Subira imejaa. Ikiwa imepwa, Abdillahi alibeba makochi ya watu na mitungi ya maji hadi Magongo. Ikiwa imejaa, alifungua boneti na wavuvi waliozoea kushinda bila kazi wakaja na nyavu za mkono, wakasimama kwa zamu mbele ya rejeta. Wakati wa maji mafu, yasipojaa sana, walipata kamba wachache. Wakati wa bamvua, maji yakijaa kupita kiasi, walipata mkizi, na maji yalifika kwenye pedali hata kabla injini haijazima, ikabidi Abdillahi aendeshe miguu mitupu, kikoi amekifunga juu ya magoti. Askari wa barabarani alimsimamisha siku moja, akatazama chini, akamwambia awe mwangalifu, breki huteleza.

Aliyekuwa hajaridhika ni Bi Mwanaima. Alikula chaza, akashukuru, lakini hakuridhika. Alikuwa ameshamwambia mwanawe, tangu ukuta ulipojengwa, kwamba hataki mengi tena duniani. Alitaka kukanyaga tope la dikoni kabla hajatiwa mchangani. Abdillahi alimwahidi. Aliahidi kwa urahisi, kama anavyowaahidi wateja kwamba gari litakuwa tayari Ijumaa.

"Chaza ni zetu," Bi Mwanaima alisema, akichungulia ndani ya injini. "Ila mguu hauingii."

Wakati huo malalamiko ya wazee yalikuwa yameshapitia ofisi nyingi, na sasa ikaja habari kwamba afisa atakuja kujionea mwenyewe. Akithibitisha kwamba watu wa Jomvu wamenyimwa bahari, ukuta ungeweza kufunguliwa njia. Wazee wakakutana kwenye baraza ya msikiti, na Kahindi akaalikwa kwa sababu ya utulivu wake.

"Mimi naomba jambo moja," alisema Kahindi. "Boneti isifunguliwe siku hiyo. Mtu wa ofisi akiona maji, atasema maji yapo."

Wote wakakubali, na aliyekubali kwa sauti kubwa zaidi ni Abdillahi. Ikaamuliwa pia kwamba mgeni apewe chai ya rangi tu, bila kitafunio, aone hali ilivyo. Bi Mwanaima alipoambiwa alisema, "Haya." Alilisema kama mtu aliyeombwa kuiba.

Siku yenyewe Abdillahi aliifunga boneti kwa waya, akakaza kwa koleo, akaenda kumpokea afisa kwenye barabara kuu wakati maji yalipokuwa yamepwa kabisa. Alikuwa amepiga hesabu vizuri. Ambacho hakukipigia hesabu ni kontena lililoanguka karibu na Mikindani, likaziba njia, afisa akachelewa, na alipofika maji yalikuwa yameshaanza kurudi.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Gladys, mwenye viatu vizuri na uso wa mtu anayesikiliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Pole kwa safari."

"Nimeshapoa."

Wakaingia. Walipofika njia ya mchanga, Gladys aliinua miguu yake, akaiweka juu ya dashibodi, kwa adabu, bila kusema lolote kuhusu maji yaliyokuwa yakipanda. Abdillahi aliongeza mwendo. Injini ikasukutua, ikakohoa, ikazima mbele ya ukuta wa makontena, mahali ambapo kwa hakika hakutaka izime.

Gladys akatazama boneti, akatabasamu kwa huruma.

"Ni plagi hizo," akasema.

Abdillahi akashika usukani kwa mikono miwili. Akamkumbuka mamake. Akasoma kimoyomoyo kila alichofundishwa cha kuzuia hasira, na kwa muda kikafanya kazi.

"Gari la marehemu baba lilikuwa hivi hivi," aliendelea Gladys. "Siku zote ni plagi. Unazitoa, unazifuta kwa kitambaa, basi. Hata sisi watoto tulikuwa tukifanya."

Hasira za mkizi, tijara ya mvuvi. Abdillahi alishuka, akakata waya, akainua boneti.

Lazima isemwe kwamba alieleza vizuri. Hajawahi kueleza jambo vizuri hivyo, wala hataeleza tena. Alimwonyesha chaza kwenye betri na kamba kwenye rejeta. Alimweleza kwa nini si kabureta, si distributa, si koili, si pampu, si gasketi, na kwa nini, zaidi ya yote, haiwezekani kamwe kuwa plagi, akazitoa plagi zenyewe moja moja, akampa azinuse. Alimfahamisha jinsi bamvua inavyotofautiana na maji mafu kwa sauti. Alimwekea mpini wa bisibisi sikioni, na Gladys akafumba macho, akasikia mawimbi madogo yakipiga ubavu wa mtumbwi, na mtu akimwita mwenzake amtupie kamba ya kufungia. Mwisho, ili pasibaki shaka kwamba haya ndiyo maji yale yale ya dikoni wala si mengine, alimpa chaza aonje.

"Ina utamu mwishoni," alisema Gladys.

"Umeona?" alisema Abdillahi, kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Kahindi alikuwa amefika na kusimama kando. Alikuwa akiutazama ukuta, amejishika kichwa kwa mikono miwili. Abdillahi alipomwona hivyo ndipo akafahamu kesi aliyoishinda ni ya nani. Alitamani kuifunga boneti, lakini Gladys alikuwa bado anakula.

Bado palikuwa na nafasi ya kuokoa jambo. Wazee walimpeleka mgeni nyumbani kwa Bi Mwanaima, wakakaa naye barazani, wakamweleza juu ya nyavu zilizooza na vijana waliokwenda kuchimba mitaro. Walieleza kwa uchungu wa kweli. Chai ya rangi ikaletwa, peke yake, kama ilivyokubaliwa. Bi Mwanaima aliiweka chini bila kumtazama mgeni usoni. Na muadhini akaadhini adhuhuri, na saa ya chakula ikafika, na mgeni yuko barazani.

"Mwanangu," Bi Mwanaima aliuliza, kwa sababu hakuweza kutouliza, "umekula?"

"Sina njaa, mama. Asante sana."

Hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Kama angesema ana njaa, pengine wangemwomba radhi. Lakini hakuna mwenyeji Jomvu nzima anayeweza kumwacha mtu aliyesema hana njaa. Bi Mwanaima akaingia jikoni, akamtuma Abdillahi kwa Subira na beseni, na maji yalikuwa yamejaa pomoni. Ukapikwa wali wa nazi. Wakapikwa kamba kwa mchuzi mzito, mkizi wa kupaka, na chaza za ndimu na pilipili. Ikatandikwa mikeka. Wazee waliokubaliana waonekane na njaa wakaosha mikono pamoja na mgeni, na kwa kuwa njaa ilikuwa ya kweli, hakikubaki kitu.

Gladys alipomaliza alibaki akiitazama sinia tupu. Alikuwa mtu mwema, na ilionekana kwamba wema wake unamsumbua.

"Mama, Mungu akubariki," alisema. "Sijala hivi tangu mamangu alipofariki. Lakini malalamiko yenu yasema mmenyimwa bahari. Mimi bahari nimeiona. Nimeisikia kwa bisibisi. Na sasa nimeila. Niende nikaseme nini?"

"Na ukuta, mwanangu?"

"Ukuta nimeuona pia. Lakini unazuia nini, mama, ikiwa bahari iko upande huu?"

Wazee walitazama mikono yao, ambayo bado ilinukia ndimu. Abdillahi alijua kwamba jibu lipo, lakini maneno yake yote alikuwa ameyamaliza kwenye injini. Jibu lilimjia kesho yake akiwa chini ya gari la mtu: unazuia mguu. Alilisema kwa sauti, na oili ikamdondokea mdomoni.

Baada ya muda wakaja watu wenye koleo na saruji, wakasimika bango la bati kando ya pikapu. Liliandikwa DIKO LA UMMA, na chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba ni marufuku kulihamisha. Hivyo Subira ikakoma kuwa gari. Kampuni ya makontena ikapaka rangi matairi yake, kama ishara ya ujirani mwema, na ukuta ukaongezwa matofali juu. Abdillahi sasa alikwenda kazini kwa bodaboda, bisibisi ameibeba begani.

Kahindi hakumlaumu. Alisema tu, mara moja, kwamba plagi isingemuua. Bi Mwanaima naye hakumlaumu, kwa sababu yeye ndiye aliyepika. Mama na mwana wakawa na hatia sawa kwa sawa, na nyumba ikatulia. Ila jioni, Bi Mwanaima alipokuwa akiosha miguu yake kwa udhu, aliitazama kwa namna ambayo Abdillahi alishindwa kuitazama. Ilimuuma. Alikuwa ameahidi tope, akaleta bango.

Ikawa hivyo mpaka siku lori la kampuni lilipozima mbele ya gereji.

Lilikuwa lori kubwa la kubebea makontena, na dereva wake, kijana mwenye maneno mengi aitwaye Tinga, alishuka akilipiga teke gurudumu. Alisema lori lilikuwa salama asubuhi, na jana liliwaka asubuhi likakataa mchana, na juma lililopita kinyume chake, na mafundi wa kampuni wameshabadilisha kila kitu. Wakati huo maji yalikuwa yanajaa. Mbele ya Subira wavuvi walikuwa wameshapanga foleni.

Abdillahi akachukua bisibisi. Kahindi, aliyekuwa akinywa chai, akasimamisha kikombe hewani. Ncha ikagusa injini, mpini ukagusa sikio, na Abdillahi akafumba macho.

Haikuwa sauti ya Subira. Kwa Subira yalikuwa mawimbi na mitumbwi, ule upande wa mbele wa diko. Hii ilikuwa sauti nzito, ya polepole, ya mapovu yanayopasuka moja moja na kaa wanaobisha hodi kwenye mizizi. Ulikuwa upande wa mikokoni, alikofundishwa kuogelea na babake, ambao hakujua kama uliokoka. Alisikiliza kuliko inavyohitajika. Kisha akaingia chini ya lori, akalegeza nati ya oili, na badala ya oili likateremka tope jeusi, laini, lenye harufu ya mayai na chumvi, likajikusanya mchangani, likaenea, na lilikuwa bado linakuja.

"Ni nini, fundi?" aliuliza Tinga kutoka juu.

Abdillahi akatoka, akajifuta mikono kwenye kikoi. Akautazama ukuta. Akalitazama bango. Akamtazama Kahindi.

"Plagi," akasema.

"Fundi, hii ni dizeli. Haina plagi."

"Ndiyo sababu itachukua muda kuzipata," alisema Abdillahi. "Liache hapa."

Tinga alifikiri, akaona ni maneno ya mtu anayejua kazi yake, akaenda kupiga simu. Kahindi akateremsha kikombe. Alisema kwa sauti yake ya chini kwamba, kwa upande wake, angesema ni umeme, lakini plagi pia si mbaya.

Abdillahi akaingia nyumbani kumwita mamake. Bi Mwanaima alikuja na kisu mkononi kama kawaida, mkoba wa chaza begani, akaona kilichopo chini ya lori, akampa mwanawe kisu amshikie. Akavua ndara. Akainua buibui hadi kwenye vifundo, akainama kuupita ubavu wa lori, akaweka mguu mmoja kwenye tope, kisha wa pili, akasimama humo amejikunja, mgongo wake ulionyooka umegusa chuma. Juu ya ukuta winchi ilikuwa ikiteremsha kontena jingine.

"Ndilo lenyewe, mama?"

"Ndilo," alisema Bi Mwanaima. "Nipokee mkoba huu, baba. Na umwambie yule kijana asiliwashe kwanza."